Kutoka Kanda ya Video Hadi Blu-ray: Je, Familia Ihame Tena?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Kuna swali ambalo wazazi hutuuliza kila baada ya miaka michache, na kila linaporudi linakuja na jina jipya la mashine. Zamani lilikuwa: "Mwalimu, tununue VCD au tungoje DVD?" Baadaye likawa: "DVD zetu tuziache, tununue Blu-ray?" Na leo wapo wanaouliza kama ni bora kuuza vyote na kutegemea flashi na intaneti. Swali hili linaonekana dogo, lakini ndani yake mna fedha za familia na ada za watoto. Mna pia jambo ambalo wengi hawalioni mpaka limeshapita, nalo ni sauti na sura za wazee wetu zilizomo katika kanda zinazoharibika kabatini.

Katika makala haya tutapitia historia ya jambo hili, tangu deki ya kwanza ya video mpaka leo, ili tupate kipimo cha kuamulia. Anayejua yaliyopita si rahisi kuchezewa na tangazo la dukani.

VIDEO ILIVYOINGIA KWETU

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza na televisheni ya rangi mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa watu wa miji yetu, kutazama filamu kulimaanisha kwenda kwenye jumba la sinema, na mengi ya majumba hayo katika Uganda yalikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Miji kama Jinja na Mbale, ambayo biashara yake ilikuwa imeshikwa sana na watu hao, ilibadilika ghafla, na biashara ya sinema ikadhoofika pamoja na nyinginezo.

Video iliikuta nafasi hiyo iko wazi. Katika miaka ya 1980 deki zilianza kuingia Afrika Mashariki kutoka Dubai, Oman na kwingineko, nyingine zikiletwa na ndugu waliokwenda kufanya kazi Ghuba. Tanzania Bara wapo waliokuwa na televisheni kwa ajili ya deki peke yake, maana hapakuwa na kituo cha kutazama. Kwetu Uganda vikaenea vibanda vya video, vinavyoitwa bibanda kwa Kiganda, ambako watu wengi walitazama kwa deki moja na televisheni moja. Pasipokuwa na umeme palitumika jenereta au betri ya gari. Na ifahamike kwamba bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, lakini nyumba nyingi zilizokuwa mbali na mji ziliendelea kukaa gizani kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo tangu mwanzo uamuzi wa kununua mashine kwetu haukuwa suala la picha tu. Ulihusu umeme, mtu wa kuitengeneza mashine, na mahali pa kupata kanda.

VITA YA KWANZA: BETAMAX NA VHS

Kampuni ya Sony ilitoa Betamax mwaka 1975. Mwaka uliofuata, 1976, kampuni ya JVC ikatoa VHS. Kanda ya mwanzo ya Betamax ilirekodi saa moja, na ya VHS ilirekodi saa mbili. Wataalamu wengi waliiona picha ya Betamax kuwa bora kidogo. Hata hivyo VHS ndiyo iliyoshinda, kwa sababu filamu nzima ilienea katika kanda moja, na kwa sababu JVC iliziruhusu kampuni nyingi kutengeneza deki za aina hiyo, bei ikashuka. Aliyenunua Betamax akidhani amenunua kilicho bora alijikuta na mashine nzuri isiyo na kanda za kukodi.

Palikuwa na tatizo lingine ambalo wazee wetu walilijua vizuri. Dunia ilikuwa imegawanyika katika mifumo mitatu ya rangi: PAL, NTSC na SECAM. Uganda, Kenya na Tanzania zilitumia PAL. Kanda iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani au Canada ilikuwa ya NTSC, na katika deki ya kawaida ya PAL picha ilirukaruka. Saudi Arabia miaka hiyo ilitumia SECAM, na kanda ya mfumo huo ikiwekwa katika deki ya PAL tupu huonekana bila rangi. Baada ya kusumbuka hivyo watu wakajifunza kuuliza dukani kama deki "inasoma mifumo yote".

Somo la kwanza la historia ni hili. Kinachoamua kama mashine itafaa si ubora wa picha peke yake. Tazama pia kama majirani wanayo ya aina hiyo, kama fundi anaijua, na kama mnavyovitaka kuvitazama vinapatikana kwa aina hiyo.

ZAMA ZA VCD NA DVD

VCD ilitoka mwaka 1993. Diski moja ilichukua dakika 74 hivi, kwa hiyo filamu ya kawaida ilihitaji diski mbili. Picha yake ilikuwa na nukta 352 kwa 288, ubora ambao haukuzidi sana ule wa VHS. Huko Ulaya na Marekani VCD haikupata nafasi kubwa, lakini Asia na Afrika iliingia kila mtaa, kwa sababu diski ilikuwa rahisi kunakili, haikuhitaji kurudishwa nyuma kama kanda, na mashine za kutoka China zilikuwa nafuu.

DVD ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. Hapa tofauti ilikuwa ya kweli. Diski ya kawaida ilibeba GB 4.7, na yenye tabaka mbili GB 8.5. Picha ya DVD ya PAL ina nukta 720 kwa 576, yaani mara nne hivi ya zile za VCD. Mtu hakuhitaji kuambiwa, aliona mwenyewe.

Lakini nayo ilikuja na mipaka yake. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda za mauzo kwa namba. Marekani na Canada wakapewa namba 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini wakapewa namba 2. Sisi Afrika Mashariki tukawekwa namba 5 pamoja na India na Urusi. Diski halali iliyonunuliwa Jidda au London ilikuwa na haki ya kukataa kucheza katika mashine halali iliyonunuliwa Kampala! Kilichotuokoa ni zile mashine za China zisizojali namba.

Tena tuwatahadharishe wasomaji kuhusu jambo lililowadanganya wengi. Zilienea sokoni DVD zenye filamu kumi au zaidi katika diski moja. Hebu tupige hesabu. Hata kama diski ni ya GB 8.5, filamu kumi zikigawana, kila moja inapata chini ya GB 1. Filamu hiyohiyo ikiwa katika VCD mbili ilipewa zaidi ya hapo. Maana yake picha imebanwa sana, na mnunuzi amepata jina la DVD bila ubora wake. Nyingine zilikuwa ni kanda ya VHS iliyonakiliwa tu na kuvikwa jalada jipya. Ukimimina maji ya mtungi wa lita tano katika pipa la lita mia, bado una lita tano.

VITA YA PILI NA BLU-RAY

Mwaka 2006 Blu-ray ilishindana na HD DVD ya Toshiba, kama vile Betamax na VHS walivyoshindana miaka thelathini kabla. Safari hii Sony ilikuwa upande ulioshinda. Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ilitangaza kujitoa, na waliokuwa wamenunua HD DVD wakabaki na mashine isiyo na wa baadaye. Blu-ray ina nukta 1920 kwa 1080 na hubeba GB 25 au GB 50. Mwaka 2016 ikaja Blu-ray ya 4K, yenye nukta 3840 kwa 2160. Katika mgawanyo wa Blu-ray ya kwanza, Afrika tuliwekwa kundi moja na Ulaya na Mashariki ya Kati, kundi B, na 4K haikuwekewa mipaka hiyo kabisa.

Je, Blu-ray ilifika kwetu? Ilifika kwa wachache. Kabla haijapata kuenea, watu walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye flashi inayochomekwa nyuma ya televisheni, kisha kwenye simu. Na huko ilikotoka nako inapungua. LG iliacha kutengeneza mashine za Blu-ray mwaka 2024, na Februari 2025 Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia pamoja na kanda za MiniDV. Diski za filamu bado zinauzwa, lakini anayeingia leo aingie akijua kwamba soko hili linapungua.

MFANO WA AR-RISALA

Tuchukue mfano ambao familia nyingi za Kiislamu zinaujua. Filamu ya Ar-Risala ya Moustapha Akkad ilitoka mwaka 1976. Ilipigwa mara mbili sambamba, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kwa waigizaji tofauti. Abdullah Gaith alikuwa Hamza (r.a.) katika ile ya Kiarabu, na Anthony Quinn katika ile ya Kiingereza. Mtume (s.a.w.) hakuoneshwa wala sauti yake haikusikika. Wanazuoni walitofautiana juu ya filamu hii, na hilo si maudhui yetu leo.

Tazama safari yake. Ile ya Kiingereza ina karibu saa tatu. Katika VHS ilijaza kanda ya dakika 180 mpaka ukingoni. Katika VCD ilihitaji diski tatu, na mara mbili mtu alilazimika kuinuka kubadilisha. Katika DVD ikatulia kwenye diski moja. Kisha mwaka 2018 ilisafishwa upya kwa kiwango cha 4K na kuoneshwa katika majumba ya sinema ya nchi za Ghuba, ikiwemo Saudi Arabia, ambayo mwaka huohuo ilikuwa imefungua tena majumba ya sinema. Akkad mwenyewe hakuiona siku hiyo, kwani alifariki Novemba 2005 kutokana na mashambulizi ya mabomu ya Amman.

Sasa, kwa nini filamu ya mwaka 1976 iweze kupendeza zaidi mwaka 2018? Ni kwa sababu ilipigwa kwa filamu halisi ya milimita 35, na filamu hiyo ilikuwa imeshika undani mwingi kuliko VHS, VCD na DVD zilivyoweza kuonesha. Undani ulikuwemo tangu siku ya kwanza, ukisubiri chombo cha kuutoa.

Linganisheni na mihadhara ya Sheikh Ahmed Deedat, Allah amrehemu, ambayo kanda zake zilienea sana Afrika Mashariki. Mjadala wake na Jimmy Swaggart ulifanyika Marekani mwaka 1986, na ulirekodiwa kwa kamera za video za wakati ule. Kamera hizo zilikuwa na mistari 525 au 625 tu kutegemea nchi. Hakuna Blu-ray wala 4K itakayoongeza kitu ambacho kamera haikukiona. Nakala safi ya DVD imekwisha kubeba karibu yote yaliyomo. Anayelipa zaidi ili kupata mhadhara huo kwa 4K analipia jalada.

Basi hiki ndicho kipimo cha kwanza: usiulize diski hii ni ya aina gani, uliza kazi hii ilipigwa kwa nini. Filamu kubwa za zamani zilizopigwa kwa milimita 35, na zile za siku hizi, zinafaidika na chombo kipya. Mihadhara, vipindi vya televisheni vya zamani, katuni za VCD na filamu zilizopigwa kwa kamera za video hazifaidiki.

MACHO YAKO, CHUMBA CHAKO

Kipimo cha pili ni chumba. Jicho zima la binadamu lina kikomo chake. Kwa televisheni ya inchi 32, mtu akikaa umbali wa mita tatu na nusu hivi hawezi kuona undani zaidi ya ule ambao DVD nzuri unatoa. Ili aione Blu-ray yote katika televisheni hiyohiyo, inabidi asogee mpaka mita moja na robo. Kwa televisheni ya inchi 55, umbali wa kufaidi Blu-ray ni mita mbili hivi, na ili kufaidi 4K yote asogee karibu mita moja. Rangi na mwanga vinaweza kuwa bora hata kwa mbali, hilo tunalikubali. Lakini familia ya watu wanane iliyokaa kwenye mkeka na viti ukutani, mbele ya televisheni ya inchi 32, haitapata thamani ya fedha hizo. Kutumia mali mahali ambapo faida yake haionekani ndiyo israfu tuliyokatazwa.

Kipimo cha tatu ni lugha. Hapa wataalamu wa nchi nyingine hutusahau kabisa. Uganda tuna wafasiri wa filamu, wale wanaoitwa VJ, wanaosimulia kwa Kiganda juu ya filamu za nje, na Tanzania alijulikana Lufufu kwa kufasiri kwa Kiswahili. Bibi asiyejua Kiingereza anacheka na wajukuu zake kwa sababu ya sauti ile. Diski mpya safi kutoka Ulaya haina sauti hiyo. Kwa nyumba kama hiyo, kuhama kwenda kwenye picha bora ni kupoteza maneno. (Ama haki za wenye filamu na uharamia wa nakala ni suala zito linalostahili makala yake. Wanafunzi wakumbuke tu kwamba Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006.)

Ama intaneti, nayo ina gharama zake. Saa moja ya filamu ya kiwango cha HD inaweza kula GB 3, na ya 4K GB 7. Uganda ilianza kutoza kodi ya mitandao ya kijamii Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, kisha Julai 2021 ikaja badala yake kodi ya asilimia 12 juu ya data. Tena ulicholipia kwa mwezi si chako. Mkataba ukiisha huko, filamu inaondoka na wewe huulizwi.

KUHAMA KWA HIARI NA KUHAMA KWA LAZIMA

Mpaka hapa tumezungumzia kuhama kwa hiari, na jibu letu kwa familia nyingi ni: hapana, msihame, DVD zenu zinatosha. Lakini kuna kuhama kusiko na hiari, na historia yetu ya karibuni inatufundisha tofauti yake.

Mkutano wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka Juni 2015 kuwa mwisho wa matangazo ya analojia kwa nchi nyingi, zetu zikiwemo. Tanzania ilianza kuzima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya na Uganda zilifuata mwaka 2015, na kwetu Kampala na maeneo ya jirani ndiyo yaliyotangulia kuzimwa. Hakuna aliyeulizwa kama anapenda picha ya dijitali. Asiyenunua king'amuzi alibaki na kioo chenye mchelemchele.

Kanda za VHS zimefikia hali hiyo, ila kwa ukimya. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza deki, iliacha Julai 2016. Sony iliacha kutengeneza kanda za Betamax Machi mwaka huohuo. Tangu hapo kila deki inayokufa haina mrithi. Na kanda yenyewe inazeeka, kwani unga wa sumaku ulioshika picha hulegea na ukungu huingia. Mwaka 2019 UNESCO na jumuiya ya watunza kumbukumbu za sauti na picha walitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku, wakiutaja mwaka 2025 kuwa ndio ambao baada yake kuzihamisha kutakuwa kugumu sana. Mwaka huo umekwisha kufika.

Filamu ya dukani ikipotea utainunua tena, kwa kuwa nakala zake ziko duniani kote. Lakini kanda ya ndoa ya wazazi wenu ya mwaka 1991, kanda ya maulidi ya mtaani, kanda ya sheikh wa kijiji akifasiri Qur'an kwa lugha ya nyumbani, hizo ziko moja tu. Hakuna kiwanda kitakachozitoa tena.

Msidhani jambo hili huwapata wasio na elimu peke yao. Filamu ya Kiganda iliyopata umaarufu duniani, Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, ilitoka mwaka 2010. Nakala yake ya asili haipo tena. Nafasi ya kompyuta ilikuwa ndogo, ikabidi ifutwe ili filamu inayofuata ipate pa kukaa. Kilichobaki ni nakala za ubora mdogo zilizokwisha kuuzwa. Lakini wapo pia waliookoa. Katika shirika la utangazaji la UBC zilipatikana mwaka 2015 negatifu za picha zipatazo 70,000, nyingi za zama za Idi Amin, zilizokuwa kabatini kwa miaka mingi. Kazi ya kuzigeuza kuwa za dijitali ilianza mwaka 2018 kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya nje, na mwaka 2019 wananchi wakaoneshwa sehemu yake katika Makumbusho ya Uganda. Kabati lile lilipona kwa sababu lilifunguliwa kwa wakati.

Na sisi wa Mbale hatuhitaji kukumbushwa juu ya maji. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mto Nabuyonga na mingine ilifurika, na watu zaidi ya 20 walifariki, Allah awarehemu. Mbele ya roho za watu, kanda si kitu. Lakini waliofiwa ndio wanaojua thamani ya sekunde chache za sauti ya marehemu, na maji yale yaliingia pia majumbani, kabatini na chini ya vitanda.

NAMNA YA KUHAMISHA KANDA ZA NYUMBANI

Kwa hiyo fedha mliyotaka kununulia Blu-ray, tunashauri mwielekeze hapa kwanza. Kazi yenyewe ni hii:

1. Kusanyeni kanda zote za ukoo na muandike kila moja ina nini. Anzeni na zile za peke yake. Filamu za dukani ziacheni mwisho.

2. Mgongoni mwa kanda ya VHS pana kijipande kidogo cha plastiki. Kivunjeni ili mtu asije akarekodi juu yake.

3. Kanda yenye ukungu mweupe msiiweke katika deki. Itachafua vichwa vya deki na kuziambukiza kanda nyingine. Itengeni mpaka mpate anayejua kuisafisha.

4. Tafuteni deki nzima, kompyuta, na kifaa kidogo cha kunasa video kinachochomekwa USB. Nyaya ni zilezile tatu: ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Hakuna njia ya mkato, kanda ya saa tatu itachukua saa tatu. Umeme ukikatika mtaanza upya, kwa hiyo chagueni wakati mzuri.

5. Ubora wa DVD unatosha kabisa kwa kanda ya VHS. Kwa kiwango cha saa mbili kwa GB 4.7, flashi ya GB 64 itabeba takribani saa 27.

6. Msiweke nakala moja tu. Flashi hufa bila kuaga, na zile CD za bei nafuu za kuchomea nazo huacha kusomeka. Wekeni nakala tatu, na moja ikae mji mwingine. Kama mko Mbale, moja ipelekeni kwa ndugu aliyeko Jinja, ili mafuriko au moto wa nyumba moja usimalize vyote.

7. Kanda za asili msizitupe. Ziwekeni zimesimama, mahali pakavu pasipo na jua.

Tena kuna adabu isiyosahaulika. Ndani ya kanda za ndoa wamo mama zetu na dada zetu, waliokubali kupigwa picha wakiwa miongoni mwao tu. Msiiache kanda kwa fundi msiyemjua. Akaeni naye wakati wa kunakili, na mhakikishe nakala haibaki katika kompyuta yake. Wala kijana asikimbilie kupandisha YouTube au kusambaza WhatsApp kabla ya kuwataka idhini walio hai.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, mtu anapotuletea tangazo la chombo kipya, tumuulize maswali manne. Kazi ninayoitaka ilipigwa kwa ubora unaostahili chombo hiki? Chumba changu na televisheni yangu vitaonesha tofauti? Nitapoteza lugha au sauti niliyonayo? Na ninachokiacha nyuma kinapatikana kwingine, au ni changu peke yangu? Kwa filamu za dukani, maswali haya mara nyingi yatatuambia tubaki tulipo. Kwa kanda za nyumbani yatatuambia tuhame mwaka huu.

Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alisoma Qur'an nzima mbele ya vinasa sauti vya Redio ya Cairo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Usomaji ule umepita katika sahani za santuri, kaseti, CD na sasa simu za wanafunzi wetu, na bado tunajifunza tajwidi kwake. Umetufikia kwa sababu kila chombo kilipokaribia kufa, pametokea mtu aliyeunakili katika kingine. Wazee wa Nkoma nao wana sauti zao kabatini. Wakati deki moja ya mtaa bado inazunguka, tuzitoe.

Tunamuomba Allah atuwezeshe kutunza amana hizi. Wabillahi tawfiq.